Neno Unalolijua Ndilo la Kuliogopa

Wakalimani wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, hamjambo. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini. Nitalisema tena, kwa sababu kila mwaka nasahihisha tafsiri na kila mwaka nakuta kosa lile lile: mtu anachukua andiko la Kiingereza la miaka mia nne iliyopita, analisoma kwa Kiingereza cha leo.

Neno usilolijua halina hatari, utafungua kamusi. Hatari ni neno ulilofundishwa darasa la tatu.

Nilikuwa kwenye mkutano wa injili, uwanjani, jua la saa tisa. Mhubiri mgeni akasoma Marko 10:14 katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611: "Suffer the little children to come unto me." Kijana mkalimani, tena hodari, akasema "Wateseni watoto wadogo", akanyamaza. Kipaza sauti kiko mdomoni. Mama aliyekaa mbele yangu, mtoto kampakata, akainua kichwa akamtazama. Kilichomwokoa kijana ni sentensi yenyewe: "waje kwangu" ilikataa kufuata. Akajirudi, akaikumbuka Biblia yetu: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Zamani hizo "suffer" ilikuwa pia kuruhusu.

Sasa, je, sentensi isipokataa? Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Chukueni "let". Kila mmoja hapa atasema: ni kuruhusu. Haya, katika Biblia hiyo hiyo, 2 Wathesalonike 2:7, tunasoma "he who now letteth will let". Mkalimani wa leo atatafsiri bila kusita kwamba yuko anayeruhusu, naye ataendelea kuruhusu. Sentensi imenyooka, wasikilizaji wanaitikia amina, na maana imepinduliwa miguu juu. Biblia yetu inasema "yuko azuiaye sasa". Azuiaye!

Mtauliza, inawezekanaje neno moja likazuia na likaruhusu? Si neno moja. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, yalikuwa mawili: "lætan", kuacha au kuruhusu, na "lettan", kuzuia, ndugu wa neno lililozaa "late", kwa maana ya kumchelewesha mtu. Karne zikapita, viishio vikadondoka, mawili yakabaki na umbo moja. Hamlet wa Shakespeare anapotaka kuufuata mzimu wa baba yake na wenzake wamemshika, anaapa kwamba yeyote atakaye-"let" yeye atamgeuza kuwa mzimu. Anamtisha anayemzuia. Soma kwa maana ya leo uone kama Hamlet ana akili timamu.

Najua kuna anayejisemea: hayo ni ya Waingereza na makaburi yao, sisi yanatuhusu nini? Ndugu yangu, kama una pasipoti ya Kenya, ifungue ukurasa wa mbele. Serikali inaomba mwenyewe apite "without let or hindrance". Umeibeba mfukoni miaka yote. Hiyo ni "lettan", ingali hai, nawe unaionesha kwa maofisa kila mpaka. Hata kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukatua ndani ya eneo lake, mwamuzi anaita "let".

Mwingine atasema, basi maana ya kale ndiyo maana ya kweli. Hapana, na hili linaniudhi kuliko la kwanza. "Nice" limetokana na Kilatini "nescius", asiyejua, na lilipoingia Kiingereza lilimaanisha mjinga. Leo ukiambiwa "you are nice" utampiga mtu? Maana ina tarehe yake. Ndiyo sababu kamusi kuu ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho 1928, inapanga maana za neno kwa umri wake na kuweka mfano wenye mwaka chini ya kila moja. Nawaomba, msitazame maana kabla ya kutazama mwaka.

Naona naoneshwa saa. Basi haraka haraka. "Meat" ilikuwa chakula chochote. "Deer" ilikuwa mnyama yeyote, si paa wala kulungu. Na hapa Mswahili asishangae, maana mpaka leo mtu wa pwani atakwambia "nyama wa mwitu" akiwa na maana ya mnyama mzima anayetembea. "Girl" alikuwa mtoto, hata wa kiume. "Prevent" ilikuwa kutangulia, kwa hiyo 1 Wathesalonike 4:15 haisemi kwamba tutawazuia au hatutawazuia waliolala mauti, inasema "hatutawatangulia".

Na "lord", ambalo nililitayarishia nusu saa nzima, niseme tu lilikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Mke wake, "lady", ni "hlæfdige", mkandaji wa unga. Bwana alikuwa yule ambaye watu wa nyumba yake walikula mkate wake. Wanaotafsiri Zaburi kutoka Kiingereza wabaki kidogo, tuna maneno kumi na moja hayajaguswa.