Kabla Hujazima na Kuwasha

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu mafundi, dada na kaka, asanteni kwa kubaki ukumbini mpaka saa hii. Nimeombwa nizungumzie mbinu za kutafuta hitilafu kwenye kompyuta na seva. Walionisikia kwingine wanajua nitaanzia wapi, na nawaomba wanivumilie, kwa sababu bado naitwa huku na huko nakuta jambo lilelile: mashine imegoma, fundi amefika, na kitu cha kwanza alichogusa ni kitufe cha kuwashia.

Tuache hiyo tabia. Kuzima na kuwasha kabla hujaangalia ni kufagia nyayo za mwizi polisi hawajafika. Kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya RAM kimepotea: programu ipi ilikuwa imekula nafasi, muunganisho upi ulikuwa umekwama, ujumbe gani ulitolewa na kiini cha mfumo dakika moja kabla ya kuganda. Mashine inarudi, mteja anafurahi, fundi analipwa, na hakuna anayejua kilichotokea. Kisha kinatokea tena.

Nitawapa kisa kimoja, na nitakaa nacho, maana mambo yote yamo humo. Kulikuwa na biashara moja ya jumla, siitaji jina, yenye seva ya Linux inayoendesha mfumo wa mauzo. Kila baada ya wiki kadhaa mfumo unakataa kuandika risiti. Ukitazama skrini inasema "No space left on device". Diski imejaa. Fundi wao akija, anaandika df -h, anaona asilimia 100. Anaingia kwenye folda moja moja na du -sh, anajumlisha, hapati hata nusu ya diski. Anashangaa. Anazima, anawasha. Diski inashuka hadi asilimia 40 na ushei. Anaondoka. Baada ya muda wanampigia tena.

Mara ya kwanza alisema ni virusi. Baadaye akasema diski ni ndogo, ikanunuliwa kubwa zaidi. Na kwa kweli tatizo lilichelewa kurudi, kwa hiyo wote wakaamini dawa imepatikana. Hapo ndipo ninapokasirika, ndugu zangu, kwa sababu fedha ya mtu imetumika na ugonjwa bado uko ndani.

Sasa fikirini. Amri ya df inauuliza mfumo wa faili wenyewe: nafasi ngapi imetumika? Amri ya du inapita kwenye majina ya mafaili, inapima moja baada ya jingine. Zikitofautiana kwa kiasi kikubwa, maana yake kuna nafasi iliyoshikwa na kitu ambacho du haikioni. Na kwenye Linux, ukifuta faili ambalo programu bado imelifungua, unachokiondoa ni jina tu. Data inabaki kwenye diski mpaka programu ile ilifunge au ife. Basi programu ya mauzo ilikuwa inaandika logi, yaani kumbukumbu za matukio yake, usiku na mchana. Kila usiku logrotate, programu ya kuhamisha logi za zamani, inakuja, inabadilisha jina la faili, inalibana, inafuta lile la awali. Lakini hakuna aliyeiambia programu ya mauzo kwamba faili limebadilishwa. Ikaendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina, likanenepa mpaka diski ikajaa.

Amri iliyolifichua ni fupi: lsof +L1. Hiyo inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo jina lake limekwisha kufutwa, na ukubwa wa kila moja, na programu iliyolishika. Lile faili lilikuwa juu kabisa ya orodha. Tiba haikuhitaji hata diski mpya: ni kuongeza kwenye mipangilio ya logrotate agizo la kuijulisha programu baada ya kubadilisha faili, au kutumia copytruncate, inayonakili faili na kulisafisha palepale, pale ambapo programu haijui kupokea taarifa. Mistari michache. Na kwa dharura ya siku ile, unawasha upya huduma ile moja tu, siyo seva nzima.

Lakini tazameni: lsof +L1 inasema kweli wakati tatizo lipo tu. Ukishazima na kuwasha, orodha ni tupu. Ndiyo maana yule fundi hakuwahi kuliona. Hakukosa akili, alikuwa anafuta ushahidi kila anapokuja.

Na kwa kuwa tuko kwenye diski iliyojaa, ongezeni hili. Kuna siku df -h itawaambia nafasi ipo tele na bado mfumo unakataa kuandika. Andikeni df -i. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, idadi ya inodi, zile rekodi ambazo kila faili linahitaji moja, hupangwa wakati wa kuiumba diski, na kwa kawaida ni inodi moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya gigabaiti 100 inapata inodi kama milioni sita na nusu. Ukiwa na programu inayomwaga vifaili vidogo vya kilobaiti 4, kama vile mafaili ya seshoni za tovuti ambayo hayafutwi, inodi zitakwisha data ikiwa imefika robo ya diski. Ujumbe utakaouona ni uleule wa nafasi kuisha. Watu wananunua diski kwa sababu ya hili pia.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: "Mwalimu, wewe unazungumza tu, mimi nina foleni ya wagonjwa dirishani, nani ana muda wa kuchunguza?" Nakubali kabisa. Huduma irudi kwanza. Sikatai kuzima na kuwasha. Nakataa kuzima na kuwasha bila kuchukua chochote. Dakika mbili zinatosha. Andika date, uptime, free -m, df -h, df -i, ps ikiwa imepangwa kwa matumizi ya RAM, na dmesg -T mistari ya mwisho. Tia vyote kwenye faili moja, na faili hilo lihifadhi kwenye flashi au laptop yako, usilihifadhi kwenye diski ileile iliyojaa. Kisha washa upya kwa amani. Kama ni Windows na skrini imekuwa ya bluu, piga picha kwa simu, ile namba ya kosa ionekane vizuri. Mashine ikirudi, fungua Event Viewer, panapotunzwa logi za Windows, au andika perfmon /rel upate kalenda ya siku zote ilizoanguka na programu zilizowekwa siku hizo. Chombo hicho kimo ndani ya Windows tangu Vista na mafundi wengi hawajawahi kukifungua!

Na logi zenyewe hakikisheni zinabaki. Kwenye mifumo mingine ya Linux, kama folda ya /var/log/journal haipo, journald, huduma inayotunza logi, huandika kwenye RAM tu, na ukiwasha upya logi zote zimekwenda. Tengenezeni hiyo folda leo, wakati hakuna tatizo, kisha muiwashe upya huduma ya journald. Siku ya tatizo mtaandika journalctl -b -1 na kusoma yaliyotokea kabla ya mashine kuanguka. Mara nyingi mtakuta pale mstari unaosema "Out of memory: Killed process", na jina la programu iliyouawa. Jibu lilikuwepo muda wote.

Mwingine atasema kuzima na kuwasha kunatibu kila kitu. Hakutibu. Tarehe 19 Julai 2024 mashine za Windows zilianguka dunia nzima kwa sababu ya sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Microsoft walikadiria ni mashine milioni 8.5. Zilikuwa zinajiwasha, zinaanguka, zinajiwasha tena, na katika nyingi ilibidi mtu aingie hali salama (Safe Mode) kwa mkono na kufuta faili linaloanza na C-00000291. Na pale diski ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, alihitaji kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48. Nawauliza nyinyi mnaosimamia ofisi: funguo zenu za BitLocker ziko wapi? Kama ziko ndani ya seva ambayo nayo imefungwa kwa BitLocker, jioni ya leo zichapisheni mzifungie kabatini.

Tena kuna hili la Windows ambalo linawagombanisha mafundi na watumiaji bure. Mama wa mapokezi anakwambia, "Mwanangu, nimezima nimewasha, bado." Unamwona anadanganya, kwa sababu Task Manager inaonyesha mashine iko hewani siku tisa. Hadanganyi. Tangu Windows 8, pale Fast Startup ilipowashwa, ukichagua "Shut down" kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa. Ni "Restart" peke yake inayoanza upya kabisa. Mama wa watu amezima kweli; mfumo ndio haukuzimika. Tumwombe radhi.

Twende kwenye mtandao. Mnakumbuka Mei 2024, Jumapili ya tarehe 12, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi maofisini watu walizima na kuwasha rauta. Kuna ofisi moja fundi alibonyeza kile kitundu cha kuirudisha rauta kwenye hali ya kiwandani, jina na nywila za mtoa huduma zikafutika. Trafiki ilipoelekezwa njia nyingine, majirani wakarudi hewani, ile ofisi ikabaki kimya, na sasa tatizo lilikuwa la kwao wenyewe.

Pimeni kwa kwenda mbele hatua kwa hatua. Piga ping rauta yako, yaani itumie pakiti ndogo uone kama inajibu. Ikijibu, piga lango la mtoa huduma. Likijibu, jaribu tovuti ambayo seva yake iko hapahapa nchini, maana trafiki ya ndani inapitia kituo cha kubadilishana trafiki, TIX pale Dar es Salaam, au KIXP kwa wenzetu wa Nairobi, bila kwenda baharini. Ya ndani ikifunguka na ya nje ikigoma, mwache rauta apumzike. Amri ya mtr itakuonyesha njia inakatikia wapi. Umepata la kumwambia bosi, na mikono yako haijaharibu kitu.

Sasa saa. Hili nalirudia kila mahali. Mashine iliyokaa muda mrefu bila umeme, na betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, ikiwashwa inaweza kujikuta miaka kadhaa nyuma. Kivinjari kinasema cheti cha tovuti si halali. Mtumiaji hawezi kuingia kwenye domeni, yaani mtandao wa ofisi, kwa kuwa Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Fundi anaanza kubadilisha nywila za watu. Tazama saa kwanza, jamani!

Na kwetu sisi kuna mtego wa ziada. Mtumiaji anakwambia, "Mfumo uligoma saa tatu asubuhi." Hiyo ni 09:00. Seva nyingi zimepangwa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwenye logi unatafuta 06:00. Nimeona kijana anachimba mchana kutwa logi za 03:00, hakuna kitu, akahitimisha kuwa mtumiaji alikosea muda. Ukipokea malalamiko, andika palepale kwa mfumo wa saa 24 na saa za eneo, kisha mwonyeshe mlalamikaji athibitishe.

Mwenyekiti ananionyesha kidole, nitaharakisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, draiva na anwani ya DNS, ile seva inayotafsiri majina ya tovuti, kwa pamoja, hata ikipona hujui kilichoponya, na huenda umeacha mawili uliyoyaharibu. Kabla ya kuhariri faili la mipangilio, linakili na tarehe mbele ya jina.

Bakapu, yaani nakala ya akiba, ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta folda ya databesi kwenye seva isiyo sahihi. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala na hakuna iliyokuwa tayari kuwaokoa ipasavyo. Mojawapo ilikuwa inashindwa kwa sababu ilitumia pg_dump, chombo cha kunakili databesi ya PostgreSQL, ya toleo 9.2 dhidi ya databesi ya 9.6, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Basi wiki hii kila mmoja achague bakapu moja, airejeshe kwenye mashine nyingine, na aifungue aone kama data imo.

Nilitaka kuzungumzia VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kutoka mbali, inayounganika vizuri lakini kurasa kubwa zinakwama, ila muda umekwisha. Mwenye tatizo hilo aje hapa mbele baada ya maswali, lakini aje na matokeo ya ping -M do -s 1472 na ya 1464. Ya kwanza ikikataa na ya pili ikipita, tutaanzia kwenye PPPoE, aina ya muunganisho wa mtoa huduma inayopunguza ukubwa wa pakiti.