Toa maneno yako ya siri kabla fundi hajafuta mashine

Jambo ndugu zangu, jambo mama na baba mnaotutazama. Leo niko Nyawera, Bukavu, na umeme upo tangu asubuhi, kwa hiyo twende haraka. Mashine hii, yaani kompyuta, ni ya mama mmoja, mwalimu wa Kadutu. Simu yake ilizama ziwani, na neno la siri la barua pepe yake halijui. Mtoto wake ndiye aliyeliandika mara moja, miaka ya nyuma, akabofya "Enregistrer", yaani hifadhi, basi. Fundi wa kwanza kamwambia, "Mama, tuformate tu, tufute kila kitu." Jamani, msikubali! Neno bado limo humu ndani.

Mama mwenyewe amekaa hapa kando yangu. Bila mwenye mashine, mimi kazi hii siigusi.

Tuanze na kivinjari cha Chrome. Juu kwenye mstari wa anwani andika chrome://password-manager/passwords, kisha Entrée. Njia ya menyu siifuati, maana kila toleo wanaihamisha. Orodha hii hapa. Bofya tovuti unayoitaka. Windows itakuuliza PIN au neno lile unalofungulia mashine asubuhi. Liweke, halafu bofya kijicho, ile alama ya jicho. Samahani, hapo nimefunika kioo kwa kiganja, ya mama ni ya mama.

Sasa tazameni vizuri: hii ni l ndogo au I kubwa? O au sufuri? Usinakili kwa macho. Bofya alama ya kunakili, ubandike kwenye Bloc-notes, ile programu ndogo ya kuandikia, ukuze herufi, ndipo uandike kwenye karatasi. Na kibodi zetu hizi za Kifaransa zina visa vyake: tarakimu za juu zinataka Maj (Shift), na mashine ikijigeuza kwenda kibodi ya Kiingereza, unabonyeza A inatoka Q. Wangapi wameniletea mashine wakisema wamesahau, kumbe neno wanalo kichwani, kibodi ndiyo imegeuka!

Kuhusu Chrome, sikieni hili. Ufunguo wake umefungamana na akaunti yako ya Windows. Fundi akilazimisha kubadilisha neno la siri la Windows kwa flashi yake, mashine itafunguka, lakini yaliyohifadhiwa hayatasomeka tena, isipokuwa yawe yamepanda pia kwenye akaunti yako ya Google. Kubeba folda yake kwenda mashine nyingine nako hakusaidii. Badala yake, mapema ingia "Paramètres" (mipangilio) za ukurasa huohuo wa maneno ya siri, chagua "Exporter les mots de passe", uyatoe yote kwenye faili. Faili linalotoka halina kufuli lolote, yeyote analisoma, kwa hiyo ukimaliza kazi lifute, na pipa la taka ulimwage pia.

Kivinjari cha Edge ni ndugu yake Chrome, sikai hapo.

Firefox: andika about:logins, bofya jina, kisha kijicho. Uzuri wa Firefox ni kwamba unaweza kuibeba. Andika about:support, tafuta mstari wa profil (folda ya mambo yako), bofya "Ouvrir le dossier", funga Firefox, kisha nakili mafaili mawili: logins.json na key4.db. La kwanza ni sanduku, la pili ni ufunguo. Ukibeba moja tu hujabeba kitu. Na kama uliweka "mot de passe principal", neno kuu linalofunga mengine yote, ukalisahau, hapo pole sana.

Sasa Thunderbird, programu ya barua pepe, ambayo ndiyo ya mama. "Paramètres", "Vie privée et sécurité", "Mots de passe enregistrés", halafu "Afficher les mots de passe". Tafuta mistari inayoanza na imap (ya kupokea barua) na smtp (ya kutuma). Ukiona oauth na msururu mrefu wa herufi zisizosomeka, usihangaike kuunakili. Hiyo ni akaunti kama ya Gmail, na msururu ule ni kibali tu, neno lako la siri halimo. Tangu 2022 Google haipokei tena neno la kawaida kutoka kwa programu kama hizi, kwa hiyo litafute kwenye kivinjari.

Ya mama ni ya shule, imap ya kawaida. Haya... limetoka. Mama anacheka! Kumbe ni jina la mbuzi wao wa zamani kule Walungu, na mwaka nyuma yake.

Sasa tunafungua barua pepe kwenye kivinjari tulibadilishe papa hapa, maana mimi nimeshaliona.