Boti ya faiba haiozi, ila maji yanaiingia: niliyoyaongea na vijana wa Pangani

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, hasa nyie mlioacha nyavu, manake najua leo bahari ilikuwa shwari na mngeweza kuwa huko nje saa hizi.

Hii boti hapa nyuma yangu ni ya futi 23, tumeivuta juu wakati wa bamvua, yale maji makuu yaliyopita, kwa magogo ya mnazi, mlikuwepo wengi. Tangu siku ile kila anayepita ananiuliza, fundi utapaka rangi gani? Wiki mbili sasa naulizwa rangi. Hamna hata mmoja aliyeniuliza ina maji kiasi gani ndani, na mimi leo nataka niongee hayo maji kwanza, rangi tutafika.

Nina sababu. Boti yangu ya kwanza kuitengeneza mwenyewe niliipaka buluu, ilikuwa inang'aa mpaka watu wanajiangalia ubavuni, na haikupita miezi mitatu ile rangi ikaanza kuvuka kama ngozi ya nyoka, unashika kipande unavuta kinakuja mkono mzima. Mwenye boti alikuwa ameuza mbuzi wake kulipia ile kazi. Akaja akasimama pembeni anaangalia tu, hakunigombeza, hakusema neno, na mpaka leo nikishika kopo la rangi namuona yule mzee amesimama pale. Nilichokosea ni kwamba nilipaka juu ya boti mbichi. Kwa macho ilikuwa kavu kabisa, ndani ilikuwa mbichi.

Sasa tuelewane faiba ni nini. Ni nyuzi za kioo, kioo kama cha dirisha kimevutwa kikawa nyuzi nyembamba, zimeloweshwa rezini, ile gundi ya majimaji, ikagandia. Ikishaganda ndo imeganda, huwezi kuiyeyusha ukaifinyanga upya kama ndoo ya plastiki, na ukiitupa ufukweni haiozi, watakuja kuikuta wajukuu zako. Ndo maana nawaambia boti ya faiba kuifufua ni bora mara mia kuliko kuitelekeza. Juu yake kuna ngozi inaitwa jelikoti, unene wake kama nusu milimita tu, hiyo ndo inayozuia maji. Ikikwaruzwa na matumbawe, ikipasuka kwa jua, maji ya chumvi yanapenya polepole yanakutana na mabaki ya rezini humo ndani, yanatengeneza asidi, yanavimba, ndo unaona malengelenge chini ya boti. Toboa lengelenge moja utasikia harufu kali ya siki. Ila vaa miwani kabla hujatoboa, hayo maji yana presha yanaruka moja kwa moja machoni.

Wazee mtanisamehe hapa. Vyombo vya mbao mnavijua kuliko mimi, kalafati ya kuziba mianya, sifa yaani mafuta ya papa, deheni ya chokaa na shahamu, na ile kuwasha makuti mnachoma chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao. Hayo yote yana akili yake na yamelinda majahazi miaka na miaka. Ila moto usisogee kwenye faiba! Rezini inashika moto, na hata isipowaka inapasuka ndani kwa ndani huioni. Nimeshaona boti imefanyiwa hivyo na kijana aliyejifunzia kwenye ngalawa, ikabidi tukate kipande kizima cha chini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maji baridi, ya bomba au ya kisima. Osha, osha tena, kesho osha tena, manake chumvi ikibaki humo inavuta unyevu wa hewa kila usiku, hata uanike mwaka mzima. Fungua malengelenge yote kwa grenda, toa jelikoti iliyokufa, halafu iache ipumue chini ya kivuli chenye upepo, wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Najua mnaguna. Boti isiyoenda baharini hailishi mtu. Ndo maana nasema panga kazi hii wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua kali na mvua hamna, usije ukaanza Aprili masika imeshaingia halafu ukailaumu rangi.

Na utajuaje imekauka? Chukua nailoni nyeupe inayoonyesha ndani, kata kipande cha futi moja kwa futi moja, bandika ubavuni kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, iache mpaka kesho yake jua lipige. Ukikuta matone kwa ndani kama jasho, bado mbichi. Ukikuta kavu, endelea. Haina gharama, na laiti ningeijua mwaka ule ningemwokolea yule mzee mbuzi wake.

Wakati unasubiri ikauke, gonga. Shika sarafu ya mia mbili, gonga boti nzima kuanzia omo mpaka tezi. Faiba nzima inalia ti ti ti, kali. Ukisikia mlio umezama, bu bu, hapo tabaka zimeachana, chora duara kwa chaki. Gonga zaidi ukuta wa nyuma pale injini inapofungwa, pale ndani ya faiba kuna plaiwudi, na maji yanaingia kwenye matundu ya bolti taratibu mbao inaoza huku nje kunapendeza tu. Shika injini itikise juu chini, kama ukuta unacheza usipake rangi yoyote kwanza. Toboa kitundu kidogo kwa ndani uangalie unga unaotoka, ukiwa mweusi na umelowa basi plaiwudi yote inatoka inaingia mpya ya baharini. Na ukirudisha bolti, toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya makopo mawili, ikigandia toboa tena katikati yake, hapo bolti haigusi mbao kabisa.

Kiraka nacho kina adabu yake. Watu wanabandika mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, juu ya tundu kama plasta ya kidonda, haishiki hiyo. Unasaga pembeni mwa tundu uteremke kama sahani, kila milimita moja ya unene unarudi nyuma milimita 12, boti yenye unene wa milimita 6 unasaga kama sentimita 7 kuzunguka tundu. Mati ya gramu 450, mita moja ya mraba inakula karibu kilo moja ya rezini. Hadna, ile dawa ya kugandisha rezini, ni asilimia 1 mpaka 2, kwa joto letu mi nakaa karibu na 1, yaani kilo ya rezini kama mililita 10, na usikadirie kwa kizibo cha soda, nunua bomba la sindano duka la dawa pima. Ukizidisha inachemka kwenye kopo inapasuka, ukipunguza chini ya 1 haigandi inabaki inanata.

Hapa nisikilizeni kweli, hata huko nyuma. Hiyo hadna ikiingia jichoni inapofua. Inapofua mtu. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa, ikiruka osha jicho dakika 15 bila kusimama ndo ukimbie hospitali. Na kama rezini yako inakuja na kobalti pembeni, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha kuganda, usiikutanishe na hadna moja kwa moja, zinalipuka. Kobalti changanya kwenye rezini kwanza, koroga vizuri, hadna inakuja mwisho.

Puti ya magari msiitumie chini ya mstari wa maji, inanyonya maji kama sponji. Tumia ya epoksi. Na kumbuka epoksi inashika vizuri juu ya rezini ya kawaida, lakini rezini ya kawaida juu ya epoksi haishiki vizuri, mpangilio huo ukiugeuza umepoteza kazi.

Haya, rangi. Kabla ya msasa futa nta kwa asitoni, kitambaa kimoja cha kufutia, kingine safi cha kukaushia. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika ng'o. Mwagia maji kidogo, yakitanda kama shuka nta imeisha, yakikusanyika matone kama juu ya jani la myugwa rudia. Halafu msasa namba 80 penye ukali, 120, praima, 220, na 320 kabla ya rangi ya mwisho. Vumbi la faiba ni kioo, vaa maski ya kweli siyo leso, tandika turubai chini lisiende baharini, na ukimaliza oga maji baridi, ya moto yanafungua ngozi unawashwa usiku kucha.

Juu ya mstari wa maji mi natumia rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, kwa rola ya sponji na mwenzako nyuma yako analainisha kwa brashi. Kupuliza kwa mashine hapana, moshi wake unaharibu mapafu na maski ya kawaida haizuii. Paka asubuhi umande ukishakauka, acha mapema, umande wa jioni ukiikuta mbichi inapoteza mng'ao wote. Nyembamba, mara mbili au tatu. Nyeupe au rangi hafifu, manake nyeusi inapika boti juani. Namba ya usajili irudi palepale.

Chini ni rangi ya kuzuia magamba na majani, ya shaba, na chagua ile ngumu, manake boti zetu zinaburutwa mchangani na ile laini itabaki ufukweni yote. Zile za zamani za bati zilizopigwa marufuku duniani tangu 2008 mkizikuta kwenye kopo la mtu msizinunue, zinaua chaza. Na ya zamani ukiiparua, iparue kwa msasa wa maji, vumbi lake sumu.

Haya, maswali tutaulizana tukitembea. Jana asubuhi nimebandika nailoni pale ubavu wa kulia karibu na mkuku, jua limeshaipiga. Twendeni tukaangalie kama ina jasho.