Dawa Moja, Koo Mbili za Panya

Mabibi na mabwana, nianze na kifaa chenyewe cha kupimia hofu ya panya maabarani. Ni njia nne zilizounganishwa kwa umbo la msalaba, zikainuliwa kama nusu mita kutoka sakafuni. Mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Panya huwekwa katikati akaangaliwa kwa dakika tano. Mwoga hujibanza penye kuta. Aliyepungukiwa na hofu hutoka, hata akachungulia chini ukingoni. Mtafiti humpa diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kisha hupima muda aliokaa nje. Ukiongezeka, dawa imetuliza wasiwasi.

Sawa. Lakini panya wa ukoo gani?

Ukoo safi wa maabara hupatikana kwa kupandisha kaka na dada kwa vizazi 20 au zaidi, mpaka wote wanakaribia kuwa pacha. C57BL/6, yule mweusi, ni jasiri kiasi. BALB/c, mweupe mwenye macho mekundu, ni mwoga. Mpe huyu mwoga diazepamu, mara nyingi utaona tofauti. Mweusi huenda usione kitu, maana hakuwa na hofu nyingi ya kupunguzwa. Ukipandisha dozi analegea, na panya anayesinzia hatoki kwenda popote. Kuandika hapo kwamba dawa haifai ni haraka isiyo na sababu.

Na si suala la woga tu. Diazepamu hufanya kazi kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, navyo vimeundwa kwa vipande mbalimbali. Watafiti waliobadilisha jeni za vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, walionyesha kwamba usingizi wa dawa hii hupitia zaidi kipande cha alfa-1, na utulivu hupitia alfa-2. Sasa sikilizeni: mwaka 2019 iliripotiwa kwamba C57BL/6J, panya wa Jackson Laboratory, maabara ya Marekani inayofuga panya wa utafiti, anayetumika duniani kote, amedondosha herufi moja tu ya DNA katika jeni ya alfa-2, na protini hiyo imepungua sana ubongoni mwake. Ndugu yake wa karibu, C57BL/6N, hana dosari hiyo. Kwenye ripoti nyingi huandikwa "C57BL/6" basi, herufi ya mwisho, J au N, ikaachwa! Mimi ripoti ya namna hiyo huisoma kwa shaka.

Msidhani pia kwamba ukoo ukishajulikana kazi imekwisha. Mwaka 1999 mtafiti Crabbe na wenzake walichapisha jaribio la tabia za panya lililofanywa katika maabara tatu: Albany na Portland, Marekani, na Edmonton, Kanada. Koo zilikuwa zilezile, vifaa vilevile, ratiba ileile. Baadhi ya tofauti za koo zilijitokeza kote, kama vile upendeleo wa pombe. Kwenye msalaba huu wa hofu, majibu yalitofautiana kutoka maabara hadi maabara. Anayebeba panya hubadilika, harufu ya chumba hubadilika, na mwoga huhisi vyote kabla dawa haijaingia mwilini.