Tumaini Liko Meta Moja Juu ya Mchanga

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Kila mmoja wetu wa ughaibuni akirudi mnamuuliza anaionaje Afrika ya miaka 50 ijayo, halafu mnangoja ataje treni za umeme. Mimi nitataja dagaa. Mlionisikia mara iliyopita mnivumilie, maana dagaa bado wanaanikwa mchangani.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulisainiwa Kigali mwaka 2018, biashara ikafunguliwa rasmi Januari 1, 2021. Vizuri. Lakini dagaa wa soko letu la Mwaloni, Kirumba, walikuwa wakivuka kwenda Kongo kabla ya wino huo. Kinachowashusha bei ni mchanga. Mnunuzi anachota konzi, anatafuna. Meno yakikwaruza, gunia zima linahamia bei ya chakula cha kuku. Tumaini langu ni kwamba bei ya Lubumbashi, huko Kongo, ipangwe na mama anayeanika hapa Mwanza.

Chanja, basi, yaani kichanja cha kuanikia dagaa juu ya ardhi. Upana usizidi meta moja na robo, mtu afikie katikati toka upande wowote. Kimo cha kiunoni, hewa ipite chini na kuku asichakure. Tandika waya wa matundu makubwa, juu yake wavu mkuukuu wa dagaa. Fito ziwe kila nusu meta. Mkizifanyia ubahili, wavu unalegea, dagaa wanarundikana katikati, wa juu wanameremeta na wa chini wanaoza. Mirunda ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa, lakini sehemu inayozama ardhini tu. Ukipaka hadi juu, utauza dagaa wenye harufu ya gereji.

Waoshe, watandaze tabaka moja, wageuze baada ya saa mbili tatu. Kilo nne mbichi zinakupa kama moja kavu. Aliyekauka, ukimpinda anakatika. Na msifungashe wakiwa bado na moto wa jua! Gunia linatoa jasho usiku, ukungu unaanzia ndani, asubuhi mnamlaumu dereva wa lori.

Najua kuna anayenong'ona kwamba mchanga ni bure, mirunda inauzwa. Bure gani inayokukata bei kila gunia? Mwingine anasema, "Huyu huko aliko anakula samaki wa kopo." Kweli, nakula. Kopo halina mchanga.

Nimebakiza dakika mbili? Haya. Nilitaka kugusia pia mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanayokwenda mpaka Hong Kong kwa bei inayoipita minofu, na pesa tunazotuma nyumbani zinazoishia kwenye michango ya harusi. Hayo siku nyingine. La mvua siliachi: wingu likitanda, kaangeni siku hiyohiyo, msingoje jua la kesho. Chanja zitengenezwe wakati wa mbalamwezi, maana mitumbwi ya dagaa inakuwa imelala.

Mama uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kuku, karibu uulize.