Kipindi cha 41: Kuku Alikwenda kwa Wakwe

KASSIM: Naanza mimi leo, dada, maana wiki hii nimeungua.

ZUHURA: Umeungua wapi tena?

KASSIM: Unyayo wa kulia. Jumamosi, posa ya binti wa mjomba. Wageni wamekaa jamvini uani, nami nimetwishwa sinia la chai, vikombe 12, kwa sababu kwenye ukoo ule mimi ndiye kijana pekee asiyejua kukataa. Viatu nimeviacha mlangoni. Napita ubavuni mwa jiko, nakanyaga kaa la moto.

ZUHURA: Na chai?

KASSIM: Haikumwagika hata tone! Mashangazi wakapiga vigelegele. Sifa nikazipokea zote.

ZUHURA: Sifa za wizi hizo.

KASSIM: Ameanza.

ZUHURA: Nijibu. Uliinua mguu kwanza, au uliumia kwanza?

KASSIM: Subiri... Niliinua. Nilikuta mguu uko juu. Halafu ndiyo ikaja kama sindano. Halafu tena, baada ya kama sekunde nzima, ule moto wenyewe, wa kuunguza na kukaa.

ZUHURA: Wagonjwa wangu wangejieleza hivyo ningemaliza kazi saa sita. Habari za kaa zilipanda mguuni zikafika kwenye ugwe wa mgongo. Si uti, jamani, uti ni mifupa. Ugwe ni ile kamba laini inayopita ndani yake. Ugwe haukungoja ruhusa ya kichwa, ukaamuru misuli ikunje mguu. Nakala ya taarifa ndiyo ikaendelea kupanda juu. Ule moto wa mwisho husafiri kwenye mishipa ya fahamu iliyo myembamba kabisa, mwendo wake kama mita moja kwa sekunde. Na wewe ulivyo mrefu kama mnazi...

KASSIM: Mita moja kwa sekunde? Huo si ndio mwendo wa mtu anayekwenda dukani? Yaani maumivu yanakuja kwa miguu!

ZUHURA: Kwa miguu, na njiani yanasalimiana na watu. Sasa nikuulize ya mguu wa kushoto. Umeinua mmoja ghafla, mikononi una sinia, ulitakiwa uwe chini. Nani aliuambia wa kushoto ukaze?

KASSIM: Mimi.

ZUHURA: Wewe ulikuwa hujapata habari! Ugwe uleule ulivusha amri upande wa pili: huyu akunje, yule asimame imara. Ndiyo maana ukikanyaga mwiba huanguki kama gunia.

KASSIM: Sawa. Sasa kuku.

ZUHURA: Kuku gani?

KASSIM: Wa posa. Mjomba kamchinja nyuma ya nyumba, kamwachia mapema. Akainuka, akapita uani mbio, akakata kona, akaenda kuangukia upande wa wakwe. Shangazi akasema ni ishara.

ZUHURA: Ishara ya nini?

KASSIM: Ndiyo wanayogombania mpaka leo. Wengine wanasema posa imekubaliwa, wengine wanasema hata kuku kakimbia kwetu.

ZUHURA: [anacheka] Huyo kakatwa koo, kichwa bado kipo. Damu ikiisha, ubongo unazimika, na moja ya kazi zake ni kuutuliza ugwe. Mwalimu katoka darasani. Mabawa na miguu vina mitambo yao ya kupiga na kukunja huko chini mgongoni, sasa hakuna wa kuikataza.

KASSIM: Lakini alikata kona.

ZUHURA: Aligonga nini?

KASSIM: ...Ndoo.

ZUHURA: Basi hiyo ndiyo kona.

KASSIM: Ndoo haimpeleki mtu kwa wakwe.

ZUHURA: Kuna maajabu kuliko huyo wako. Marekani, Colorado, mwaka 1945, jogoo alipigwa shoka kichwa kikaenda, ila shoka lilipita juu mno, shina la ubongo, yaani sehemu yake ya chini, likabaki kwa sehemu kubwa. Akaishi miezi 18. Wakamwita Mike. Chakula walimdondoshea kooni.

KASSIM: Miezi 18! Hapo posa, ndoa, na mtoto anasimama dede.

ZUHURA: Tutoke kwa kuku. Kaa pembeni ya meza, ning'iniza mguu usioungua. Nivue ndala.

KASSIM: Ndala ya nini? Wasikilizaji, huyu ana cheti cha fiziotherapia na anatibu kwa ndala.

ZUHURA: Nyundo nimeisahau. Napiga kwenye kano, hapa chini ya kilegesambwa, ile pia ya goti. [paf] Umejikaza! Legea. [paf] Bado. Shikanisha vidole vya mikono miwili, kama ndoana, uvute kwa nguvu. Tazama dirishani.

KASSIM: Natazama nini diri— [paf, kishindo, maikrofoni inaanguka]

ZUHURA: Huyoo!

KASSIM: Nimepiga meza teke! Sikutaka!

ZUHURA: Mbinu ya kuvuta vidole ni ya daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, tangu 1885. Inaufanya ugwe uwe mwepesi kuitika. Nilipogonga kano nilivuta msuli wa mbele ya paja, kidogo sana. Ndani ya msuli mna vihisio vya milimita chache, umbo kama mhogo: nene katikati, umechongoka huku na huku. Msuli ukivutwa navyo vinavutwa, vinapiga simu mgongoni. Na simu hii haiendi kwa miguu. Mishipa yake ni minene, mwendo unaweza kupita mita 100 kwa sekunde. Huko mgongoni inakabidhiwa mara moja tu, kutoka mshipa unaoleta habari kwenda ule unaopeleka amri. Toka kugonga hadi msuli kuitika, milisekunde 20 na kitu. Hapohapo misuli ya nyuma ya paja inaambiwa ilegee isizuie.

KASSIM: Lakini Mungu hakuweka vihisio ili watu wapigwe ndala.

ZUHURA: Hakuweka. Umesimama kwenye daladala, dereva kafunga breki. Mwili unalalia mbele, misuli ya shavu la mguu inavutwa, inajibu kabla hujamtukana konda. Halafu ndiyo kichwa kinaingia na masahihisho ya pili. Hata vikombe vyako: sinia lilipotikisika, misuli ya mikono ilivutwa, ikaanza kujirudi yenyewe.

KASSIM: Hapa ndipo siafiki. Nikiwa mdogo, mama alikuwa anaepua maharage, sufuria ikateleza kwenye kitambaa, mpini wa chuma ukamgusa kiganja. Mdogo wangu anatambaa miguuni pake. Hakuachia. Aliitua mezani taratibu, ngozi ikabaki kwenye mpini. Huo ugwe wako ulikuwa wapi?

ZUHURA: Ulikuwa kazini. Kichwa kilikwishauambia: kuna mtoto chini, usiachie.

KASSIM: Basi kichwa ndicho bosi. Mgongo ni tarishi.

ZUHURA: Tarishi hapimi. Ugwe unapokea ya juu, ya ngozi, ya misuli, ya mguu wa pili, unapima, unatoa jibu. Huyo ni hakimu.

KASSIM: Hakimu aliyepigiwa simu asubuhi aambiwe hukumu!

ZUHURA: Na asipopigiwa? Uingereza, 1911, mtafiti Graham Brown aliukata ugwe wa paka usisikie tena ubongo, akakata na mishipa inayoleta hisia kutoka miguuni. Misuli ya miguu ya nyuma iliendelea kukunja na kunyoosha, zamu kwa zamu, kama anatembea.

KASSIM: Alikwenda wapi?

ZUHURA: Hakwenda popote, alikuwa maabara.

KASSIM: Basi! Hakwenda popote. Kutembea ni kwenda mahali. Miguu inayojikunja ni cherehani bila nguo.

ZUHURA: Nguo hazishonwi bila cherehani.

KASSIM: Wala hazishonwi na cherehani peke yake. Mama yangu alichagua, dada.

ZUHURA: Sijasema hakuchagua. Nasema waliochagua ni wengi kuliko unavyowahesabu. Ugwe nao ni wewe. Ukisema "nilishika", umo.

KASSIM: Sasa umehama! Mwanzo sifa za vikombe zilikuwa za wizi kwa sababu ugwe si mimi.

ZUHURA: ...Zilikuwa za wizi kwa sababu ulizipokea peke yako.

KASSIM: Hapana, hapana. Sikubali.

ZUHURA: Usikubali, nami sirudi nyuma.

[mlango unagongwa]

KASSIM: Watu wa kwaya hao, wanataka chumba chao.

ZUHURA: Dakika tano! Nilikuja na karatasi ya mambo matatu, tumefanya moja kasoro. Sijagusa vihisio vya kwenye kano, vya Golgi, vinavyopima mkazo. Sijamgusa Ian Waterman, yule Mwingereza aliyeugua 1971 akapoteza hisia ya viungo kuanzia shingoni, akajifundisha kutembea kwa kujitazama, taa ikizimika anaanguka...

KASSIM: Wiki ijayo.

ZUHURA: Ulisema hivyohivyo kipindi cha ini.

[mlango tena]

KASSIM: Tunatoka, jamani! Dada, la mwisho: shangazi kanituma nikuulize kama mtaalamu. Kuku alisema ndiyo au hapana?

ZUHURA: Mwambie alifuata ndoo.

KASSIM: Ndoo ilikuwa ya wakwe.