Fimbo ya Snuka Inalia Kacha-Kacha: Tafuta Sauti Kabla Hujashika Gundi

Sikiliza kwanza, usiangalie. Umesikia? Ngoja nigonge tena. Baada ya ule mlio wa mbao kuna kitu kinafuata nyuma, kama sarafu mbili ndani ya kopo. Fimbo hii ya snuka, ule mchezo wa mipira ya mezani, ni ya mteja, kaileta jana magharibi, kaniambia, "Fundi, nibadilishie tipu." Tipu jamani, hiki kipande cha ngozi cha kwenye ncha! Kelele iko kule nyuma, huku anaisikia mbele, kwa sababu mtetemo hupita fimbo nzima. Sikio pekee haliwezi kukuonyesha mahali. Lazima uigawe njia ya sauti, ukague kipande kwa kipande.

Habari zenu, karibuni kibandani kwangu Mombasa. Wale mnaoiita kiu, kwa Kizungu, iiteni tu. Mimi kiu naizima kwa madafu, hii naita fimbo.

Zima feni, zima redio. Mimi nimezima, ndiyo maana mnaniona najifuta jasho. Kisha fungua fimbo katikati. Hiyo sikuonyeshi, unazungusha tu.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali: supaglu isikaribie hesi. Hesi ni hii mizunguko ya skrubu hapa kwenye maungio. Nitalirudia, usichoke.

Chukua nusu ya mbele. Ishike kwa vidole viwili tu, upande wa maungio, iache ining'inie kama samaki wa kuuza. Igonge katikati kwa kifundo cha kidole. Tiii. Safi. Mti huu ni ashi, unaona hii mishale ya asili kwenye mbao? Ukiwa mzima hutoa sauti nyembamba inayokaa. Ukiwa na ufa, sauti hukatika pale pale, kwaa, kama mtungi uliopasuka. Ukisikia kwaa, tafuta ufa kwa tochi, na ukiupata usijidanganye na gundi, peleka kwa fundi.

Sasa kitako, nusu ya nyuma. Kigonge juu ya zulia, wima. Kacha-kacha. Haya, mwizi yuko humu.

Kitako cheusi hivi, watu wa hapa huniambia, "Huu si mpingo wetu?" Mara nyingi siyo. Fimbo nyingi hutiwa ebony, mti wa ukoo mwingine kabisa. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi unajulikana zaidi kwa zumari za Wazungu, zile klarineti. Lakini uzuri wake... tuendelee.

Toa mpira wa chini. Huu umebanwa tu, nautoa kwa ukucha. Mwingine una skrubu. Chungulia ndani kwa tochi. Sogeza kamera... hapana, huku. Unaiona bolti? Hiyo ndiyo uzito. Fimbo nzima ya snuka huwa kama gramu 480 hadi 540, na bolti kama hii hubeba gramu 30, wakati mwingine 50, ili mizani ikae pale mchezaji anapotaka. Ikilegea, kila ukipiga mpira inacheza ndani ya tundu lake. Kwetu pwani mbao hunywa unyevu ikavimba, kisha mwenye fimbo anaiweka chumba cha eisii, inakauka, inanywea. Bolti haivimbi wala hainywei. Mwishowe zinaachana.

Ingiza ufunguo wa aleni mrefu, ule wa pembe sita, zungusha kulia. Ikishika, ongeza kidogo sana, hivi, umemaliza. Usiikaze kama nati ya gurudumu, utapasua kitako. Kama haishiki hata ukizungusha, itoe nje, ivingirishe ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili au mitatu, uirudishe. Tepu, si gundi. Siku moja mtu atataka kubadilisha uzito.

Tugonge. Haya... Eh! Bado? Imepungua lakini inalia, ziii. Subiri, nikaze tena. Hapana, imeshika hii. Nimetoa hata mpira. Ngoja nigonge nikiwa nimekishika kitako. Ziii. Hebu...

Ni kijiko! Kijiko kiko ndani ya gilasi ya chai hapo mezani. Nikigonga, meza inatikisika, kijiko kinaimba. Sikati kipande hiki, acha mcheke. Ondoeni gilasi, ondoeni funguo, saa ya mkononi pia. Tugonge tena. To. Peke yake. Umesikia?

Sasa, kama ni pete hii ya shaba ya maungio inayocheza, hapo ndipo nilipoharibu mwaka juzi. Fimbo ya mzee mmoja. Nikadondosha supaglu pembeni ya pete, tone moja, nikajiona bingwa. Ikateremka kwenye hesi. Nami, kwa haraka zangu, nikafunga nusu mbili ili nijaribu. Mpaka leo ni kipande kimoja. Fimbo ya sentimita 147, mzee anapanda nayo tuktuk ncha iko nje, akiniona ananinyooshea kama mkuki.

Kwa hiyo: paka vaselini kwenye hesi za skrubu. Ziba tundu la upande wa pili kwa karatasi iliyosokotwa. Tumia gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, inayokauka polepole, ichukue kwa kijiti cha meno. Futa ziada mara moja. Na usifunge fimbo mpaka kesho. Usifunge. Mkono utakuwasha, lakini usifunge.

Haya, turudishe nusu zote, tupige mpira halisi. Napiga cheupe kwa upole... Tk. Umesikia hiyo? Ndogo, kavu, kama kuvunja njiti ya kiberiti. Piga tena. Tk. Ah.

Basi mteja alikuwa na nusu ya haki, naomba radhi. Sauti kama hii huja mbele kabisa: ama tipu imeachia upande mmoja, ama feruli inacheza, kikofia hiki cha shaba kinachoshika mbao. Zungusha feruli kwa vidole, ukiwa na kitambaa. Haiendi, iko sawa. Sasa sukuma tipu kwa ukucha kutoka ubavuni. Hapo! Unaona mwanga mwembamba unavyofunguka? Imeinuka.

Ikate kwa wembe, gundi ya zamani ikwangue. Msasa uweke juu ya kioo, simamisha fimbo wima, sugua kidogo tu. Shaba isiliwe, mbao isibonyee katikati. Kibonyeo kikibaki, hewa inakaa chini ya tipu, na utapata mlio mwingine, pu, mzito, hata tipu ikiwa mpya. Mgongo wa tipu nao usugue mpaka ngozi ionekane mbichi.

Milimita 9.5 hii, ya ngozi, ninaziuza, bei iko chini ya video. Mimi napenda laini kidogo. Ngumu hupiga kelele kama kisigino cha bibi harusi kwenye vigae.

Supaglu ya jeli, tone moja. Hapa si karibu na hesi, usiogope, lakini chupa ifunge na iweke mbali. Bandika, geuza fimbo, ibonyeze juu ya ubao, hesabu polepole mpaka 60. Chupa inasema sekunde chache. Mimi nalaza usiku kucha.

Haya, kesho yake imefika, gundi imekauka, sasa tunapunguza ngozi iliyozidi feruli. Ncha iwe chini imebonyezwa kwenye ubao, wembe ushuke kutoka kwenye feruli kuelekea ubaoni. Usipandishe wembe, utachana ngozi. Kisha msasa, umviringo, choki.

Piga cheupe. To... To. Hata kwa nguvu... to. Hiyo ndiyo sauti yake. Mteja anakuja saa kumi, nafunga mkoba sasa hivi.

Ngoja. Huu mpira wa kitako mbona uko mezani?